Jiko Dogo Liwe la Chakula Tu

Ndugu zangu wa Kolwezi, wa Fungurume na wa kambi zote za Lualaba, ninawaandikia juu ya jiko. Ninasema lile letu wenyewe: kona ya chumba cha kupanga nyuma ya lupango, yaani kiwanja cha mwenye nyumba, mbabula wa makaa mlangoni, bidoni za maji sakafuni, mfuko wa unga wa kilo 25 umeegemea ukuta, na masufuria yamerundikana hivi kwamba ukitaka la chini sharti uyashushe yote. Wengi wetu tunasonga bukari humo, na watoto wanalala humo humo. Ombi langu ni hili: kisicho cha kupikia kitoke, na cha kupikia kipande ukutani.

Naanza na kinachopaswa kutoka, maana ndicho kizito. Katika nyumba za wachimbaji wengi, mfuko wa mawe ya kobalti hulala ndani kwa kuogopa wezi, ukisubiri bei ya kesho. Katika mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, mambo yalifika mbali zaidi. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za watu, mashimo yalichimbwa uani na hata vyumbani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha walichokikuta huko. Wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na tofauti ilikuwa kubwa kupita zote kwa watoto. Mtoto wa miaka minne hashuki shimoni. Vumbi ndilo linalomfuata: liko sakafuni anapocheza, liko kwenye sahani iliyoachwa wazi, liko kwenye vidole anavyotia mdomoni.

Kwa hiyo baba, na wewe kaka unayerudi na mfuko begani jioni: mawe hayana haki ya kulala jikoni. Yatafutieni sanduku lenye kufuli karibu na lango, au kibanda kimoja cha lupango nzima ambacho majirani watakilinda kwa zamu. Buti na nguo za kazi zibaki nje ya mlango. Ndoo iliyooshea mawe isirudi kuchota maji ya kunywa. Na gunia, tafadhali, liangalieni sana. Unga unaotoka Zambia huja katika mifuko ya rafia, na mawe nayo hubebwa katika mifuko ya aina hiyo hiyo. Mfuko wa unga unaweza kwenda shimoni. Uliotoka shimoni usirudishiwe unga kamwe, hata ukifuliwa. Wakati wa kusafisha, tupige deki kwa kitambaa kibichi, maana ufagio mkavu hulirusha vumbi likaja kutua ndani ya sufuria. Mfuko mmoja wa mawe ukitoka, bidoni mbili za maji zimepata pa kukaa.

Udogo wa jiko haumvunjii mtu heshima. Mwaka 1926, huko Frankfurt nchini Ujerumani, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za wafanyakazi lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alijifunza kutoka jiko la behewa la chakula la treni, ambamo mtu mmoja hupikia abiria wengi pasipo kutembea. Kila chombo alikipa mahali pake ukutani, mkono unapofika. Majiko ya namna hiyo yalijengwa takriban 10,000.  Fikra hiyo nasi tunaweza kuitumia bila kusubiri mhandisi.

Sisi tuna shida ambayo Frankfurt hawakuwa nayo: kuta zetu nyingi ni za matofali ya udongo, na msumari ukibeba sufuria zito hung'oka na kipande cha ukuta. Fundi seremala wa mtaani anaijua dawa. Ubao mrefu hufungwa kwenye boriti za paa kwa waya au kamba imara, ukaning'inia usawa wa macho, na chini yake zikapigwa kulabu za vikombe, mwiko na kikaango. Au hutengenezwa etajeri nyembamba yenye miguu, ikasimama yenyewe kwenye kona: unga juu, mbali na panya na unyevu, masufuria katikati, bidoni chini kabisa kwa sababu ya uzito. Vyombo vilivyooshwa vikauke nje juu ya kichanja cha fito, na katika kiangazi, malori ya migodi yanapotimua vumbi, vifunikwe kwa kitenge safi. Ndoo na mabeseni yaingie moja ndani ya jingine. Ninyi maseremala, tengenezeni etajeri hizi kwa vipimo vya vyumba vya kupanga. Kabati pana mnazouza hazipiti hata mlangoni.

Mbabula hauna nafasi ndani, hata chumba kiwe kikubwa. Kolwezi iko juu ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma; ndipo watu huuingiza na makaa yake na kufunga mlango ili chumba kipate joto. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala nayo hufa bila kuamka. Nawaomba kwa moyo wote, msilale na mbabula ndani hata usiku mmoja.

Lakini mpangaji anayenyeshewa Januari atapikia wapi? Hapa nawageukia wenye lupango. Familia nyingi zilizopoteza mshahara wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyopunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinaishi leo kwa kodi ya vyumba vya uani. Naiheshimu riziki hiyo. Nawaomba tu mwongeze kitu kimoja uani: paa la mabati juu ya nguzo, ukuta wa nusu upande wa upepo, meza ya matofali ya kuwekea mbabula ili mama asiiname, na etajeri moja kwa kila mpangaji. Kila chumba kitapata nafasi kubwa bila kusogeza ukuta hata mmoja.

Na viongozi wa komuni za Dilala na Manika wasikilize pia. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoathirika na migodi, na inazipa serikali za mitaa asilimia 15 ya mrabaha. Miradi inapojadiliwa, tunasikia barabara, shule, zahanati, na vyote ni vya lazima. Akina mama wakae katika mikutano hiyo nao waseme bomba la maji karibu na mapaa ya kupikia, kwa sababu bomba likiwa hatua chache tu, nyumba haihitaji kuhifadhi bidoni sita.

Mvua za kwanza huja Oktoba. Mwenye lupango aliye na mabati machache na wapangaji walio tayari kusaidia kuchimba mashimo ya nguzo, Jumamosi mbili za Septemba zinawatosha. Shefu wa kartie awaite, na seremala aje na futi yake.