Moto wa Korea na mafaili ya biashara yako: seva moja haitoshi!

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee mafaili. Najua kuna atakayeguna, "sasa hii nayo habari?" Soma kwanza halafu uje unibishie hapo chini.

Tarehe 26 Septemba 2025, kwenye mji wa Daejeon huko Korea Kusini, mafundi walikuwa wanahamisha betri za lithiamu ndani ya jengo ambalo serikali inatunzia seva zake. Betri zikashika moto. Mifumo 709 ya serikali ikazimika, na 96 kati ya hiyo ikaunguzwa na moto wenyewe. Mmojawapo uliitwa G-Drive, yaani ghala la mafaili ya watumishi wa umma. Humo kulikuwa na terabaiti 858, kazi za watumishi wapatao 125,000. Nakala nyingine nje ya jengo lile? Hakuna! Sababu iliyotolewa ni kwamba mafaili yalikuwa mengi mno na mfumo wenyewe ulikuwa wa kasi ndogo.

Korea jamani, nchi ya Samsung! Sasa kama wao yamewakuta, wewe mwenye stationery pale stendi, studio ya picha au ofisi ya uhasibu ya watu wanne, umejipangaje?

Mimi napata hela ya vocha kwa kuwatengenezea watu matangazo na kuwapangia mafaili ofisini. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Dogo, seva ipi nzuri na ya bei poa?" Jibu langu ni kwamba hakuna seva ya kuaminika duniani, iwe ya laki tano au ya milioni hamsini. Kinachoaminika ni mafaili kuwepo sehemu mbili ambazo haziwezi kufa siku moja. Kwa hiyo hela yako igawe mara mbili. Vitu viwili vya bei ya chini vinakulinda kuliko kimoja cha kifahari.

Wapo wanaosema, "Mimi nimekodi Ulaya, huko hakuna longolongo." Haya. Machi 10, 2021 jengo la kampuni ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua usiku. Ghorofa tano zote, kwisha habari. Kuna mteja alikuwa analipia kabisa huduma ya nakala rudufu, kumbe nakala zenyewe zilikuwa hapohapo kwenye eneo lililoungua. Walifikishana mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ikampa mteja haki. Sawa, kalipwa, lakini mafaili je?

Halafu kuna sisi wa huku kwetu. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na majirani kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa Tanzania nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mafaili yote nje ya nchi alikaa anaangalia skrini tu. Mafaili yalikuwa salama kabisa, ila hawezi kuyafikia! Mteja anataka invoisi yake, utamwambia subiri mkongo?

Kwa hiyo nakala moja ikae ofisini na nyingine mbali. Mpiga picha Mmarekani anayeitwa Peter Krogh alieneza kanuni nyepesi sana: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Ya kwanza ni ile unayofanyia kazi, mbili zilizobaki ndizo za kutafuta.

Ya ofisini

Huna haja ya mtambo wa kutisha. Kompyuta ya mezani iliyotumika, ikawekwa diski mbili MPYA zinazoandika kitu kilekile, inatosha kabisa. Ukisikia bei, utaona kishawishi cha kuchukua na diski zilizotumika. Usikubali! Boksi liwe la zamani, diski hapana. Programu za kuendeshea zipo za bure kama TrueNAS na OpenMediaVault. Ongeza UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika.

Ila angalia mambo mawili. Kwanza, diski mbili zinazofanana siyo nakala rudufu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kwa sekunde hiyohiyo. Zinakuokoa diski moja ikifa, basi. Pili, boksi hilo usilifungulie mlango wa intaneti ili "niingie nikiwa nyumbani". Aprili 2021 kirusi cha Qlocker kiliingia kwenye vifaa vya QNAP vilivyokuwa wazi mtandaoni, kikafungia mafaili ya watu na kudai malipo. Januari 2022 kikaja kingine, DeadBolt, mchezo uleule.

Ya mbali

Hapa ndipo watu wanapigwa. Wanaangalia bei ya kuweka, hawaulizi bei ya KUTOA. Amazon wanajulikana kwa senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, kwa hiyo terabaiti moja ni kama dola 23. Lakini kuitoa, bei yao ya kawaida ni senti 9 kwa gigabaiti. Siku umeunguliwa na ofisi, unadaiwa kama dola 80 ili upate vitu vyako mwenyewe. Backblaze walipandisha bei Oktoba 2023 kutoka dola 5 hadi 6 kwa terabaiti, lakini wakati huohuo wakaruhusu utoe bure hadi mara tatu ya ulichoweka. Umeona tofauti? Kwa bei hiyo ya dola 6, zile terabaiti 858 za Wakorea ni kama dola 5,150 kwa mwezi. Sisemi serikali ipeleke siri zake kwa kampuni ya Marekani, nakuonyesha tu ukubwa wa gharama ukilinganisha na hasara.

Ukiahidiwa "nafasi bila kikomo", cheka halafu endelea na safari. Dropbox walikuwa na mpango wa biashara wa namna hiyo, Agosti 2023 wakauondoa.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji maswali haya:

1. Jengo liko wapi, na nakala ya pili iko jengo lipi?
2. Kutoa mafaili yote ni bei gani?
3. Faili nililolifuta linakaa siku ngapi kabla ya kupotea kabisa?
4. Nikichelewa kulipa mwezi mmoja, mnafuta?

La nne ni muhimu sana kwetu tunaolipa kwa kadi za kuungaunga. Na akaunti iwe kwa email ya biashara, siyo ya kijana wa IT. Siku akiacha kazi kwa hasira, nakala yako imeondoka naye.

Kumbuka pia kasi. Terabaiti moja kwenye laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9, usiku na mchana! Kwa hiyo mafaili ya zamani weka kwenye diski ya nje, ipeleke nyumbani kwa mwenye biashara. Mtandaoni pandisha usiku yale yaliyobadilika tu. Na kama una taarifa za wateja, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Zote zina masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi, kwa hiyo zisome.

Mwisho kabisa, jaribu kurudisha. Kila mwezi chagua faili moja, jifanye limepotea, lirudishe kutoka kila nakala. Likigoma kufunguka leo, una muda wa kutengeneza. Siku ya moto hakuna atakayekupa muda huo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ofisini kwenu mafaili yako sehemu ngapi? Na kuna aliyewahi kukodi nafasi hapahapa nyumbani kwa shilingi? Bei ikoje, na kutoa je? Mwageni data.