Bei ya Gari Haiishi Kwenye Stakabadhi

Katika makazi ya watumishi wa umma, mijini na hata vijijini, gari dogo la mtumba kutoka Japani si ajabu tena. Tangu mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mlango uliokuwa umefungwa ulianza kufunguka, na hatimaye gari likaacha kuwa alama ya wakubwa peke yao. Hayo ni maendeleo. Mwalimu anayefika shuleni kwa wakati, na jirani anayempeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane, hawastahili kulaumiwa kwa kumiliki gari. Linalostahili kulaumiwa ni desturi ya kununua gari bila kuhesabu gharama ya kulitunza.

Gari la mtumba lina bei mbili. Ya kwanza huandikwa kwenye stakabadhi, nayo hulipwa mara moja. Ya pili haiandikwi popote, nayo hulipwa kidogo kidogo gereji, mpaka mwenye gari anapokuja kugundua kwamba imeikaribia ya kwanza.

Sababu yake haina siri. Nchini Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na pamoja nao huja gharama ya kubadilisha vipuri vilivyochakaa. Wengi huona heri kuuza gari kuliko kulitengeneza. Kwa hiyo gari hufika Dar es Salaam likiwa na rangi inayong'aa na viti safi, lakini mara nyingi limeuzwa wakati ule ule ambapo vipuri vyake vilikuwa vinadai kubadilishwa. Deni hilo mnunuzi hulirithi pamoja na ufunguo. Tena wapo wafanyabiashara wasio waaminifu wanaorudisha nyuma hesabu ya kilometa, ili gari lililochoka lionekane kijana.

Mfano mzuri ni Toyota Premio iliyotengenezwa kati ya mwaka 2001 na 2007, gari linalopendwa sana na watumishi. Bodi yake ni imara na spea zake zinapatikana. Lakini magari hayo hayafanani ndani. Lenye injini ya lita 1.8, yaani 1ZZ-FE, hasa za miaka ya mwanzo, lina tabia ya kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo. Yakiziba kwa uchafu, ringi hunata na oili huungua pamoja na petroli. Mwenye gari asiyepima oili kila wiki hushtukia injini imegonga.

Lenye injini ya lita 2.0 ya aina ya D-4 lina masharti mengine. Petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Pampu hiyo na nozeli zake hazivumilii petroli chafu, na masizi hujikusanya kwenye valvu za kuingizia hewa kwa kuwa petroli haipiti hapo kuziosha. Mengi ya magari hayo yana gia boksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya seti za gia. Oili yake ni ya pekee. Fundi asiyejua akimimina oili ya gia boksi ya kawaida, mkanda huteleza na gia boksi nzima hufa.

Hayo ni maradhi ya kuzaliwa nayo. Mengine tunayapandikiza wenyewe hapa nchini. Themostati hutolewa na kutupwa ati ni ya nchi za baridi, na radieta hujazwa maji ya bomba badala ya maji maalumu ya kupozea. Kutu huziba njia za maji, injini huchemka, silinda hedi ya aluminiamu hupinda na gasketi huungua. Kile ambacho kingezuiwa kwa dumu moja la maji ya kupozea huishia katika kununua injini nzima ya mtumba, ambayo nayo imeagizwa kwa fedha za kigeni za Taifa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa mtumishi wa umma moja kwa moja. Utaratibu wa utumishi unataka makato yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili theluthi moja ibaki kwa chakula, kodi ya nyumba na ada za watoto. Mtumishi anayekopa mpaka ukomo huo ili anunue gari amekwisha kuamua, hata kama hajui, kwamba matengenezo yatatoka katika theluthi hiyo ya mwisho. Gari likikwama, hukopa tena, safari hii kwa mkopeshaji wa mtaani. Chombo kilichonunuliwa kumrahisishia kazi humfanya mtumwa wake.

Dawa ipo. Mnunuzi amlipe fundi asiye na udugu na muuzaji alikague gari kabla ya fedha kutoka. Asikope mpaka ukomo. Aweke akiba kwa kila kilometa: kwa mfano, anayetembea kilometa 1,000 kwa mwezi akiweka shilingi 100 kwa kila kilometa, atakuwa na shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Asiyeweza kuweka akiba hiyo hajawa tayari kumiliki gari, na hakuna aibu katika kulikubali hilo. Aidha awe na daftari la kuandika tarehe, kilometa na kila kipuri kilichobadilishwa, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Vyama vya akiba na mikopo navyo vina wajibu. Anayeomba mkopo wa gari aulizwe atalitunza kwa fedha gani, si atalipa deni kwa miezi mingapi tu. Na vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, havina budi kuwafikia mafundi walioko chini ya miembe kwa mafunzo mafupi ya jioni, kwa maana hao ndio wanaoyashika magari ya wananchi wengi.

Mwalimu huwafundisha watoto kujumlisha na kutoa. Hesabu hiyo hiyo aifanye kabla hajatia sahihi kwenye fomu ya mkopo.