Bolti ya klampu isichaguliwe kwa kung'aa kwake

Kiwanda cha maziwa au cha bia kinaponunua mabomba ya stenlesi, wahandisi huuliza mengi kuhusu unene wa bomba, ulaini wa ndani yake na mpira wa kuzibia maungio. Ikifika zamu ya bolti mbili za klampu inayobana maungio hayo, zile zinazozuia nusu zake zisiachane, maswali huisha. Zikipotea, fundi hutumwa dukani alete zozote zinazoingia tunduni, mradi zing'ae. Naona desturi hii ni ya hatari, na madini ya bolti na nati yanapaswa kuandikwa katika hati ya manunuzi kama yanavyoandikwa ya bomba lenyewe. Bomba la kipenyo cha milimita 100 lenye presha ya baa 10 husukuma kifuniko chake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 800. Presha ikifika baa 60, nguvu hiyo inakaribia tani 5. Umbo la klampu hupunguza mzigo unaofika kwenye bolti, ila bolti ikishindwa hakuna kingine kinachoshika.

Stenlesi zenyewe hazilingani. Bolti ya milimita 10 iliyopigwa chapa A2-50 kichwani huanza kurefuka ikivutwa kwa tani moja na robo hivi. Ya A2-70 huvumilia karibu tani 2.7, na ya A4-80 hufika tani 3.5. Zote tatu zina rangi moja na unene mmoja, na hata sumaku haiwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Kinachozitambulisha ni ile chapa ya kichwani tu, na bolti isiyo na chapa haifai kukaribia bomba la presha kubwa.

Wako watakaosema dawa ni bolti nyeusi ya chuma kigumu, kwa kuwa nguvu yake inazipita zote hizo. Kwenye injini, sawa. Ikifungwa kwenye klampu ya stenlesi mahali penye maji, chuma hicho kidogo huliwa na kutu haraka kwa sababu kimegusana na eneo kubwa la madini yasiyoshika kutu. Ugumu nao una hatari yake. Machi 2013, kwenye daraja jipya la Bay Bridge kati ya San Francisco na Oakland, fito 32 kati ya 96 za chuma cha nguvu kubwa kilichopakwa zinki zilikatika muda mfupi baada ya kukazwa. Haidrojeni ilikuwa imepenya ndani ya chuma na kukifanya kikatike ghafla.

Hapo wengi hurudi kwenye jibu linaloonekana salama, yaani bolti ya stenlesi na nati ya stenlesi. Tatizo ni kwamba uso wa stenlesi hulindwa na utando mwembamba sana, na meno ya bolti na nati yakisuguana chini ya mzigo, utando huo huchunika na madini mawili ya aina moja hushikana. Nati hukwama katikati ya safari, na mara nyingi haitoki mpaka bolti ikatwe. Kinachonitia hofu zaidi ni nati inayokwama nusu. Hata katika hali nzuri, takribani sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu ya spana ndiyo huivuta bolti, na iliyobaki humezwa na msuguano. Msuguano ukizidi, spana ya kipimo italia kuwa kazi imekamilika ilhali klampu haijabana, na presha ikipanda fundi amesimama mbele yake akiamini kipimo.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni bolti ya A4-80 na nati ya shaba nyeusi yenye silikoni, pamoja na grisi maalumu ya meno. Madini mawili tofauti hayashikani kirahisi. Ni kweli kwamba shaba ni laini kuliko stenlesi, lakini nati hurefushwa ili meno mengi zaidi yagawane mzigo, na uchakavu hubaki kwenye nati inayobadilishwa kwa dakika moja. Pingamizi lenye uzito ni amonia. Katika vyumba vya baridi na viwanda vya barafu vinavyotumia gesi hiyo, shaba hupasuka. Huko nati iwe ya stenlesi ya daraja tofauti na bolti, ipakwe grisi hiyo na ikazwe polepole kwa mkono.

Kuhusu gharama, A4 ni ghali kuliko A2 kwa sababu ya molibdeni, ambayo huizuia chumvi isiitoboe haraka. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam chumvi imo hewani, na viwandani kuna klorini ya kusafishia na maji ya moto. Mei 1985, dari ya bwawa la kuogelea la Uster, Uswisi, iliporomoka na kuua watu 12. Ilikuwa imeningʼinizwa kwa fito za stenlesi ya kawaida, ambazo klorini ilizipasua kimyakimya kwa miaka 13. Hata A4 ina kikomo chake palipo na joto na chumvi pamoja, kwa hiyo hati hiyo ya manunuzi itaje pia tarehe ya kuzitoa bolti na kuziweka mpya, hata kama bado zinang'aa.