Nani Kamfanya Mjinga?

Neno "mjinga" ni jibu la haraka la mwalimu aliyechoka. Mtoto hakumbuki somo la jana, kalamu yamtetemeka mkononi, basi hukumu imekwisha kutolewa. Popote pale neno hilo ni baya. Huko Nyarugusu na Rwamagasa, mkoani Geita, na katika machimbo ya Kahama, huenda likawa dhuluma maradufu: tunamlaumu mtoto kwa dhara tulilomtia sisi wenyewe.

Mchimbaji mdogo husaga mawe, huyaosha mwaloni, kisha huukanda mchanga kwa zebaki ndani ya beseni, aghalabu kwa mikono mitupu. Zebaki huishika dhahabu. Donge lipatikanalo huchomwa motoni, pengine katika jiko lile lile lipikwapo ugali. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, ukapita damuni hadi ubongoni. Na kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma. Ubongo wa mtu mzima ni nyumba iliyokwisha jengwa, ingawa nayo hutikisika. Ule wa mtoto tumboni ungali ukijengwa, chembe zake zi safarini kutafuta mahali pake, na sumu huzipoteza njia. Dhara hilo haliponi kwa kiboko.

Wajapani walilijua kwa uchungu. Huko Minamata kiwanda kilimwaga sumu ya zebaki baharini, ikakusanyika katika samaki, kama inavyoweza kukusanyika ile isombwayo na mvua kutoka mialo yetu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Akina mama wenye dalili hafifu tu walizaa watoto waliolemaa viungo na akili. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sahihi tumetia, beseni lingali jikoni.

Sisemi kwamba kila mtoto mzito wa kujifunza amevuta zebaki. Iko malaria kali, iko njaa. Lakini Shinyanga yajua gharama ya kuusoma moshi vibaya: vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, ilhali wekundu huo aghalabu ulitokana na moshi wa kuni na wa samadi.

Watatokea wa kusema, "Mwataka wachimbaji wafe njaa?" Hasha! Hakuna aliyetaka mashimo yafukiwe. Chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena, kinajulikana miaka mingi, na kuchomea mbali na nyumba hakuhitaji fedha. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri migodini aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwakuta watoto wakishika zebaki Geita na Kahama. Mnunuzi aipimaye dhahabu hiyo kwenye mizani yake haulizi imechomewa wapi. Aulizwe yeye kwanza, na chombo hicho akinunue yeye.