Shela Si ya Matajiri Peke Yao

Wako wafanyakazi wasemao kwamba Shela, kule kisiwani Lamu, ni mahali pa wenye fedha tu. Sisi hatukubali. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za pwani yake zimenunuliwa na wageni wa Ulaya, na kodi ya usiku mmoja katika baadhi yake yamtisha mtu wa mshahara. Lakini ufuo haukununuliwa.

Mwenye siku mbili na alale Lamu mjini, kisha asubuhi aende Shela kwa miguu, mwendo wa kilomita tatu hivi. Kwanza aulize habari za maji, maana yakijaa hufunika njia, naye atalazimika kupanda mashua. Magofu ya Takwa, ng'ambo ya Manda, ni kinyume chake: mashua hufika huko maji yakijaa tu. Basi siku ipangwe kwa bahari, si kwa saa ya mkononi.

Na avae kwa heshima. Msikiti wa Ijumaa wa Shela ulijengwa mwaka 1829, kabla ya hoteli zote hizo. Nauli apatane na nahodha kabla ya kupanda, wala asimpunje: naye ni mfanyakazi, na nyumba za pwani zile si zake.