Mama, Usinunue Saruji Kwanza

Jumapili nilikwenda Tabata kumsalimia mama. Nikamkuta na fundi wanapiga hesabu ya mifuko ya saruji. Baraza limetitia tena upande wa jikoni, ukideki maji yanakimbilia ukutani badala ya uani. Hii ni mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo liliongezwa zege juu, likapigwa nili, pakapendeza kweli. Masika yakapita, ufa ukarudi pale pale.

Nikasema, "Fundi, kabla ya saruji tuchungulie chini."

Akacheka. "Kaka, chini kuna mchanga tu."

Tukachimba pembeni ya baraza. Mkono wangu ukaingia chini ya zege mpaka kiwiko bila kugusa kitu. Na hapo hapo juu, maji yote ya paa yanamwagika.

Jamani, mimi nilisoma uandishi. Ila nina rafiki tuliyekuwa naye Mlimani, yeye alisoma uhandisi. Nikampigia, na swali lake la kwanza halikuhusu saruji kabisa. Aliuliza maji yanaenda wapi.

Wadau, hapa ndipo tunapoliwa hela. Zege la unene wa sentimita 5 lina uzito wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba. Sasa mama amelipia mara mbili kuongeza mzigo juu ya shimo! Na kosa lilianza siku ya ujenzi. Kifusi kilitakiwa kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja iloweshwe kiasi na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Wengi tunamwaga lori zima kwa mkupuo, vijana wanapigapiga juu kwa gogo, jioni posho. Kifusi cha namna hiyo huendelea kushuka kwa miaka, na maji yakipata njia hubeba kilichobaki.

Kuna nchi ambako zege lililotitia halivunjwi. Wanatoboa matundu madogo, wanasukuma kwa pampu uji wa udongo, mchanga na saruji, au povu la poliyurethani linaloumuka, na zege linainuka taratibu. Nzuri sana. Lakini hata huko, maji yasipozuiwa, kazi hiyo hairudishi udongo unaoendelea kuondoka. Na kama chini ni mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hilo ni jambo jingine, hapo huchanganywa chokaa au udongo wote unaondolewa.

Anayedhani saruji inatibu kila kitu akaulize habari za mnara wa Pisa kule Italia. Ulianza kujengwa mwaka 1173, ukaanza kuinama kabla haujaisha, kwa sababu ya udongo laini. Miaka ya 1930 Mussolini aliamuru unyooshwe. Wakatoboa msingi, wakasukuma makumi ya tani za saruji. Mnara ukazidi kuinama! Ulifungwa mwaka 1990, na dawa iliyokuja kufanya kazi ilikuwa kuchota udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini, ule ulioinuka, kama mita za ujazo 38 hivi. Ukarudi karibu nusu mita na kufunguliwa tena Desemba 2001.

Baraza la mama si Pisa, najua. Lakini pesa ya mama ni ya kiinua mgongo, haina nyingine nyuma yake.

Tumekubaliana hivi: kwanza mfereji wa bati na bomba la kupeleka maji mbali na ukuta. Kisha kipande kilichotitia kivunjwe, kifusi kishindiliwe upya. Saruji mwisho. Fundi amenuna, maana alishaulizia bei dukani.

Kwenye ufa wa ukutani nimechora mistari miwili ya penseli na kuandika tarehe, tuone kama unapanuka. Mama anasema nimemchafulia ukuta.