Chumba cha Mtumishi Bila Mtumishi

Katika mji wa Paris, nyuma ya jengo kubwa la Panthéon wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa, kuna kiwanja kidogo chenye miti, mabenchi na chemchemi. Jina lake ni Place de l'Estrapade. Zamani mahali hapo palisimamishwa mti wa adhabu: mkosaji alifungwa mikono kwa nyuma, akavutwa juu kwa kamba, kisha akaachiwa aanguke ghafula. Jina la kiwanja limetokana na mateso hayo. Siku hizi watu hufika hapo kutoka pembe zote za dunia, lakini hawaulizi habari za mti huo. Wanakuja kuutazama mlango wa nyumba namba 1, kusimama mbele yake na kujipiga picha, kwa kuwa katika mchezo wa televisheni uitwao "Emily in Paris" ndimo anamokaa Emily, msichana wa Chicago aliyepelekwa Paris kufanya kazi katika ofisi ya matangazo ya biashara.

Ni mchezo wa mapenzi na vichekesho. Kampuni ya Netflix ilianza kuuonyesha tarehe 2 Oktoba 2020, na ilipofika Desemba 2025 mfululizo wake wa tano ulikwisha toka. Mtungaji wake ni Darren Star wa Marekani, mtu yule yule aliyeanzisha mwaka 1998 mchezo wa wanawake wanne wa New York, "Sex and the City". Huko nako mambo ni hayo hayo. Ngazi ya nyumba moja ya Perry Street, iliyotumika kuonyesha makao ya mmoja wa wanawake hao, ilisongwa na wageni kwa zaidi ya miaka ishirini, hata mwenye nyumba ikambidi mwaka 2025 kwenda mbele ya tume ya mji inayolinda majengo ya kale ili aombe ruhusa ya kuweka lango. Tume ilikubali. Hivyo mtu aliyeishi pale tangu kabla ya mchezo kutungwa amelazimika kuomba idhini ya kufunga mlango wake mwenyewe.

Tuseme wazi kwamba sisi hatuna ugomvi na mgeni anayesafiri kwenda kuona mahali alipopapenda katika picha. Wengi wao ni wafanya kazi kama sisi, waliojiwekea akiba kidogo kidogo. Mtu aliyefungiwa chumbani mwishoni mwa mwaka 2020, wakati maradhi yalipoifunga dunia, akaiona Paris yenye jua na watu wakicheka barazani mwa mikahawa, hana kosa akitamani kuiona kwa macho yake. Wala hatuwezi kumcheka kwa kuwa ameingia katika mkahawa wa karibu na kiwanja kile akidhani atapata chakula cha Kifaransa kilichopikwa na yule kijana mpishi wa mchezoni, akaletewa upishi wa Kitaliani. Mkahawa wenyewe huitwa Terra Nera, na jina la Kifaransa lililoonekana katika mchezo ni la kubuni. Jirani yake ni duka la mikate, Boulangerie Moderne, ambalo ni duka la kweli na mikate yake ni ya kweli. Kutoka hapo wageni huvuka mto kwenda Place de Valois, iliko ofisi ya Emily ya mchezoni, na bustani ya Palais-Royal alipokutana na rafiki yake.

Wachache sana hugeuka kutazama barabara ya Estrapade inayoanzia pale pale. Humo ndimo alimokuwa akikaa Denis Diderot alipokamatwa mwezi wa Julai 1749 na kupelekwa gerezani Vincennes kwa sababu ya maandishi yake. Ndiye aliyeongoza kazi ya kutunga ile kamusi kubwa ya maarifa yote, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1751, na mabuku yake ya michoro yalionyesha, chombo baada ya chombo, jinsi wahunzi, wafumaji na wachapaji walivyofanya kazi zao. Kwa maoni yetu hakuna nyumba katika mtaa ule inayomstahili mfanya kazi aliye safarini kuliko hiyo. Lakini hakuna kamera iliyosimama mbele yake.

Tugeukie chumba chenyewe, kwani ndicho kiini cha maneno yetu. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo Emily anaambiwa na anayempokea kwamba chumba atakachokaa, juu kabisa ya nyumba, ni chumba cha mtumishi. Maneno hayo yanapita kama mzaha, kisha mlango unafunguliwa, nasi twaona chumba chenye nafasi, madirisha mazuri na paa za Paris mbele ya macho.

Vyumba vya watumishi vya Paris vina historia yao. Mji ulipobomolewa na kujengwa upya chini ya Haussmann, kati ya 1853 na 1870, nyumba za mabwanyenye zilipangwa kwa daraja. Orofa za chini zilikuwa za wenye mali, na chini ya paa, kwenye baridi kali ya Januari na joto la Julai, vilipangwa vyumba vidogo vya wasichana waliopika, waliofua na kulea watoto wa orofa za chini. Walikuwa na ngazi yao ya nyuma, ili bwana asikutane nao. Bomba la maji lilikuwa moja, ukumbini, na choo kadhalika. Wengi wa wasichana hao walitoka Brittany, jimbo la wakulima maskini, na baadaye, katika miaka ya 1960, wakaja wanawake wa Hispania na Ureno. Hata leo wanafunzi na wafanya kazi wa mishahara midogo hupanga vyumba hivyo. Sheria ya Ufaransa inasema kwamba chumba cha kupangisha kisipungue mita 9 za mraba na kimo cha mita 2 na sentimita 20, au kisipungue ukubwa wa mita 20 za ujazo. Mita 9 za mraba ni hatua tatu kwenda na hatua tatu kurudi, na ndani yake kitanda, jiko na sanduku la nguo.

Na kile chumba kizuri cha Emily, kiko wapi? Wageni wanaoinua vichwa vyao pale Place de l'Estrapade hawakitazami, maana hakipo. Kilijengwa kwa mbao na rangi, pamoja na ile ofisi ya matangazo, ndani ya majumba ya kutengenezea sinema yaitwayo Cité du Cinéma, katika mji wa Saint-Denis, kaskazini ya Paris. Majumba hayo zamani yalikuwa kituo cha kufua umeme. Saint-Denis imo katika wilaya iliyo maskini kuliko zote za Ufaransa bara. Ni mji wa viwanda vilivyofungwa na wafanya kazi wa leo, na wakazi wake wengi asili yao ni Afrika, ya kaskazini na ya kusini mwa Sahara. Huko ndiko mafundi seremala walikoijenga Paris inayopendwa na dunia. Na katika mchezo wenyewe watu wa mji huo hawaonekani ila kwa nadra.

Mfululizo wa kwanza ulianza kupigwa picha mwezi wa Agosti 2019. Mwezi mmoja kabla yake, Julai 2019, katika mtaa wa Batignolles, kaskazini magharibi ya mji ule ule, wanawake wapatao ishirini walikuwa wameweka chini fagio zao. Walikuwa wasafisha vyumba wa hoteli kubwa ya Ibis, wengi wao kutoka Afrika Magharibi. Hawakuandikwa kazi na hoteli. Waliandikwa na kampuni ya mkandarasi, ambayo iliwadai idadi ya vyumba kwa kila saa, na chumba kilichochelewa kumalizika kilimalizwa kwa muda wa mfanya kazi mwenyewe bila malipo. Kamera zilipokuwa zikimfuata Emily na viatu vyake virefu juu ya mawe ya barabara, wanawake hao walikuwa mbele ya mlango wa hoteli, wakipiga ngoma na kucheza ili watu wawasikie.

Mgogoro wao ulichukua miezi ishirini na miwili. Maradhi yaliifunga hoteli, wao hawakuacha madai yao. Mwezi wa Mei 2021 makubaliano yalitiwa sahihi: mishahara iliongezwa, wakapewa posho ya chakula, ikawekwa saa ya kuhesabu muda wa kazi, na hesabu ya vyumba ikapunguzwa. Dai la kuandikwa na hoteli yenyewe hawakulipata. Mmoja wa viongozi wao, Rachel Keke, aliyezaliwa Côte d'Ivoire, alichaguliwa mwezi wa Juni 2022 kuwa mbunge katika Bunge la Ufaransa, akakaa humo mpaka 2024. Hicho nacho ni kisa cha mwanamke aliyetoka ng'ambo akaja Paris na kufanikiwa. Hatujasikia kwamba kuna ziara ya kuwapeleka wageni Batignolles.

Wako watakaotujibu kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba hauna wajibu wa kueleza mishahara. Ni kweli. Lakini mambo haya yalikwisha toka katika mchezo na kuingia katika siasa siku nyingi. Serikali ya Ufaransa huzirudishia kampuni za sinema za kigeni, kwa njia ya kodi, asilimia 30 ya gharama zinazostahili wanazotumia nchini humo. Mke wa Rais, Brigitte Macron, alionekana kwa muda mfupi katika mfululizo wa nne mwaka 2024. Na mchezo ulipoanza kumpeleka Emily Roma, Rais Macron mwenyewe alisema hadharani, Oktoba 2024, kwamba Ufaransa itapigana ili abaki Paris. Meya wa Roma, Roberto Gualtieri, akamjibu kwa dhihaka. Viongozi hawagombanii mchezo wa kuchekesha pasipo sababu. Wanagombania wageni, na wageni ni fedha.

Hatusemi fedha hizo hazina faida. Kodi haiachiliwi mpaka fedha zitumike katika nchi, na fedha hizo ndizo zinazomlipa seremala wa Saint-Denis, mshonaji, fundi wa taa na dereva. Kazi hizo ni za heshima. Neno letu ni juu ya mapatano yenyewe. Serikali ilikuwapo, kampuni ilikuwapo. Mkazi wa kiwanja kile, anayepita katikati ya wapiga picha na mfuko wake wa mboga, hakuwapo. Na ikiwa maandishi yalionekana mtaani yakimwambia Emily kwamba hakaribishwi, sisi twayachukua kuwa ni sauti ya mtu ambaye hakuulizwa. Mwanamke anayetandika kitanda cha mgeni naye hakuwapo. Maadamu hazina ya umma inaweza kutoa thuluthi kasoro kidogo ya gharama za kampuni tajiri, hatuoni kwa nini isiweze kudai kwamba hoteli zinazonufaika na wageni hao ziwaandike wasafishaji wao zenyewe.

Baadhi ya hatua zimechukuliwa. Tangu Januari 2024 ushuru wa kulala katika jimbo la Paris umeongezwa, na nyongeza hiyo inakwenda kwenye usafiri wa umma, unaotumiwa na wafanya kazi kila alfajiri. Sheria ya Novemba 2024 imeupa mji uwezo wa kupunguza siku ambazo mwenye nyumba anaweza kuwapangishia wapita njia nyumba anamoishi, na tangu Januari 2025 Paris imezishusha kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka. Hii ni njia njema, kwani chumba cha mita 9 kinachopangishwa kwa usiku mmoja mmoja ni chumba alichonyimwa mwanafunzi au mfanya kazi.

Msomaji asidhani habari hizi ni za mbali na kwetu. Mwaka 1962 ilitoka picha ya "Hatari!", ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika, nayo ilichanganya mapenzi, mzaha na kukamata wanyama. Mmoja wa wachezaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mahali pale akanunua shamba Momella, chini ya mlima Meru, na mpaka leo iko hoteli ya wageni huko iliyochukua jina la picha ile. Mwezi wa Aprili 2022 ilizinduliwa "The Royal Tour", ambayo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliwatembeza watazamaji nchini. Watu wanaoongoza wageni, wanaopika na kutandika vitanda Arusha na Unguja wanayo haki ya kuuliza maswali yale yale waliyouliza wanawake wa Batignolles.

Mwezi wa Juni 2024 njia ya 14 ya reli ya chini ya ardhi ya Paris ilifikishwa Saint-Denis-Pleyel, karibu na yale majumba ya sinema, ambamo wanariadha wa Olimpiki walilia chakula chao msimu ule. Mgeni anayetaka kufika mahali kilipojengwa chumba cha Emily anaweza kupanda gari hilo katikati ya mji. Akipanda jioni, atasafiri pamoja na wanaorudi kutoka kusafisha vyumba.